Wanazitaja sifa zote za hadithi, ila hadithi yenyewe imewapita

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa Kidato cha Pili katika shule ya kata wilayani Kongwa. Nimefundisha masimulizi ya Kiingereza pamoja na sifa zake za lugha: wakati uliopita, viunganishi vya muda, vivumishi, usemi halisi. Wanafunzi wanazitaja zote bila kukosea. Lakini nikiwapa hadithi fupi na kuwauliza kwa nini mhusika alifanya alichofanya, darasa linanyamaza. Wakiandika hadithi zao wenyewe, wakati uliopita unakwisha kwenye sentensi ya pili. Shuleni kwetu Kiswahili kimekatazwa ndani ya vipindi vya Kiingereza, nami nafuata utaratibu. Tatizo liko wapi, na nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mambo hayo mawili, ukimya wa darasa na wakati uliopita unaokatika njiani, yana mzizi mmoja. Wanafunzi wako wamejifunza majina ya sifa za lugha, lakini hawajaona kila sifa inafanya kazi gani ndani ya hadithi. Mtoto anaweza kukuambia kwamba masimulizi hutumia wakati uliopita, halafu akakutana na "had left" katikati ya hadithi na asijue kwamba msimulizi amerudi nyuma kwenye tukio lililotangulia.

Orodha hiyo tunayoiandika ubaoni ilipata umbo lake Australia katika miaka ya 1980, kwa wanaisimu na walimu waliofuata mawazo ya mwanaisimu Michael Halliday. Walifanya kazi na shule za Sydney zenye watoto wa familia za kipato cha chini na za wahamiaji, wakataka mwalimu awaoneshe watoto hao waziwazi jinsi lugha inavyofanya kazi katika kila aina ya matini. Kusudi lao lilikuwa ile kazi. Orodha iliposafiri kutoka kitabu hadi kitabu hadi nukuu za daftarini, kazi ikaachwa njiani yakabaki majina.

Bila andiko mbele yetu tutabaki kuzungumza kwa ujumla, kwa hiyo nimekutungia hili. Liandike ubaoni au kwenye karatasi ya manila uitundike:

"One evening a boy was bringing his father's goats home with his sister. The sun was setting behind the hill. At the riverbed he counted the goats twice and stopped whistling. He had left one behind. 'Go on without me,' he whispered. The girl looked at the dark bushes and held her stick tighter."

Kabla ya swali lolote la sarufi, waambie walisimulie kwa Kiswahili, kila mmoja kwa maneno ambayo angemsimulia mdogo wake nyumbani. (Suala la marufuku nitalifikia.) Mkikusanya nguvu mtapata kitu kinachokaribia hiki:

"Jioni moja mvulana alikuwa anarudisha mbuzi wa baba yake nyumbani pamoja na dada yake. Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima. Walipofika korongoni akawahesabu mbuzi mara mbili, akaacha kupiga mluzi. Alikuwa amemwacha mmoja nyuma. 'Tangulia tu,' akanong'ona. Yule binti akatazama vichaka vyenye giza, akaishika fimbo yake kwa nguvu zaidi."

Sasa wapigie mstari kila kitenzi chenye -ka-. Ni vitano: akawahesabu, akaacha, akanong'ona, akatazama, akaishika. Warudi kwenye Kiingereza wapigie mstari vitenzi vinavyolingana navyo: counted, stopped, whispered, looked, held. Vitano kwa vitano. Katika mistari hiyo kumi lipo jibu la nusu nzima ya swali lako.

Msimulizi wa Kiswahili akishauweka wakati kwa -li-, matukio yanayofuata anayabebesha -ka-. Hana haja ya kurudia kwamba ni jambo la zamani; msikilizaji ameshajua. Kiingereza hakina kitu kama -ka-. Kila kitenzi cha tukio kinalazimika kubeba alama ya wakati uliopita chenyewe, hata vikifika ishirini. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "The hyena came out of the cave, smell meat and follow it" hajasahau somo lako. Ameweka wakati mara moja, kwenye "came", kisha akaendelea kusimulia kwa utaratibu aliokua nao tangu akisikiliza hadithi jikoni kwa bibi. Ndiyo maana sentensi ya kwanza inakuwa sahihi na ya pili inaharibika, tena darasa zima kwa namna ileile. Makosa ya kutojali hayafanani hivyo.

Mpe basi kanuni anayoweza kuishika: penye -ka- ya tukio katika hadithi ya zamani, Kiingereza kinataka kitenzi cha wakati uliopita. Muonye papo hapo kwamba -ka- ya "nenda ukamwite" si ya kusimulia, ni ya kuagiza, na kanuni haiihusu. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wanaielewa tofauti hiyo upesi, kwa sababu Kiswahili ni chao.

Kuna sababu ya pili, ndogo, lakini usiipuuze. Silabi za lugha zetu, Kigogo, Kikaguru na Kiswahili, kwa kawaida huishia na irabu. Sauti ya "-ed" mwishoni mwa "stopped" au "looked" inamezwa hata na sisi walimu tunaposoma kwa sauti. Mtoto asiyeisikia hawezi kuiandika. Soma vitenzi hivyo taratibu, nao wavirudie.

Vitenzi visivyofuata kanuni vinasumbua zaidi kwenye kusoma kuliko kwenye kuandika. Darasa likiimba "go, went, gone" linaimba vizuri, lakini "went" ikisimama peke yake kwenye mstari wa hadithi baadhi yao hawaitambui. Vingine vinafanana na maneno mengine kabisa. "Left" kwenye andiko letu kuna watakaoisoma "kushoto", kwa sababu hiyo ndiyo maana waliyoizoea. "Saw" itasomwa msumeno, "felt" itachanganywa na "fell". Mtoto aliyeamini kuna habari ya kushoto ndani ya hadithi hatakujibu swali lako, na hatakwambia kwa nini hajibu. Chagua vitenzi ishirini au thelathini vinavyojirudia sana katika hadithi, uvifundishe ndani ya sentensi za hadithi, wala si kwenye jedwali la safu tatu peke yake.

Tuje kwenye "had left". Waulize: mbuzi alianza kuachwa, au mvulana alianza kuhesabu? Wengi watajibu kwamba alianza kuhesabu, maana ndilo lililoandikwa kwanza. Wanasoma wakiamini kwamba mpangilio wa sentensi ndio mpangilio wa matukio. Usiwape jina la wakati huo. Waoneshe Kiswahili chao: "alikuwa amemwacha". Hakuna atakayekosea hapo. Kisha wape sentensi mbili: "When their mother arrived, the children ate" na "When their mother arrived, the children had eaten." Uliza katika ipi mama alikula na wanawe na katika ipi alikuta sahani zimeshaoshwa. "Walikuwa wameshakula" wanayo tangu utotoni. Kinachokosekana ni kuunganishwa tu na "had".

Hali kadhalika "was bringing" na "was setting". Hivyo ni vitenzi vya kutandika mandhari: jua lilikuwa linazama, mtoto alikuwa njiani, wala hakuna jambo lililotokea bado. "Counted" ndiyo inaanzisha jambo. Nikiwa na walimu wapya huwa nawaomba wafute kwa muda vitenzi vyote vya mandhari kwenye andiko, wasome kilichobaki, kisha wafute vya matukio na kusoma tena. Wakishaona andiko linavyogeuka kila upande hawarudi tena kufundisha nyakati mbili hizo kama mada mbili zisizojuana.

Jambo linalosahaulika kuliko yote katika shule zetu ni "he" na "she". Kiswahili kinatumia a- kwa wote: alisema, alitazama, alikimbia. Ni mwanamume au mwanamke tunajua kutokana na habari yenyewe. Kiingereza kinategemea viwakilishi hivyo kumwambia msomaji nani anafanya nini, hasa pale wahusika ni kaka na dada, mume na mke, mama na mwana. Katika andiko letu, "he whispered" inatosha kutueleza kwamba mnong'onaji si binti. Ila mtoto asiyezoea kuitazama jinsia ya neno hilo anaipita, akifika mstari wa mwisho hajui nani kamwambia nani atangulie. Hapo ukimuuliza "kwa nini" unamuonea, kwa sababu hata "nani" bado.

Dawa yake ni kalamu. Kila wanapokutana na he, she, it, they, his, her, wachore mshale kurudi kwa mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji kitabu cha ziada, na inakuonesha kwa haraka nani amepotea na amepotelea wapi. Ukiwahi kufundisha Farkwa au Kwa Mtoro, wilayani Chemba, utakuta watoto wa Kisandawe wana mtaji hapo, kwa kuwa lugha yao inatenganisha kiume na kike katika viwakilishi. Unaweza kuwaomba waeleze darasa kwao wanasemaje. Mtoto ambaye lugha yake haijawahi kutajwa shuleni anapata nafasi ya kuwafundisha wenzake.

Wanyama nao wana lao. Kwetu fisi ni a- popote alipo, katika hadithi na katika kitabu cha baiolojia. Kiingereza kinaweza kumwita fisi "it" kwenye somo la sayansi na "he" au "she" kwenye ngano, anapopewa akili na maneno ya mtu. Mwanafunzi akiandika "it said" kwenye ngano anadhani ametii sarufi. Mwambie wazi: mnyama akianza kusema, mpe "he" au "she" na umshikilie hadi mwisho.

Juu ya "a" na "the" sitakaa sana. Waoneshe kwamba msimulizi wa Kiswahili humtambulisha mgeni kwa "mmoja" na kumrudia kwa "yule": sungura mmoja, yule sungura. "A boy" ni mvulana mmoja. "The girl" ni yule binti tuliyekwisha kumtaja. Haimalizi sarufi yote ya "a" na "the", lakini inatosha kwa hadithi.

Usemi halisi tunaufundisha mno kama suala la alama za mtajo. Ugumu wa msomaji uko kwenye mazungumzo marefu, pale mwandishi anapoacha kuandika "said" na kumtegemea msomaji afuate zamu kwa kuangalia aya mpya. Bibi anaposimulia anabadili sauti: fisi ananguruma, sungura anaongea kwa pua. Karatasi haina sauti, na mtoto hajaambiwa kwamba alama zile zimewekwa mahali pa sauti. Gawa nafasi: mmoja mvulana, mmoja binti, mmoja msimulizi, wasome kila mtu sehemu yake tu. Ambaye hajui zamu yake imefika ndiye ambaye hakuelewa, na umemjua bila kumtungia mtihani. Halafu uliza kwa nini mvulana alinong'ona badala ya kusema tu. Vitenzi vya kauli ndivyo vinavyobeba hali ya moyo: whispered, begged, shouted. Tunavyo vyetu tele, kunong'ona, kusihi, kufoka, kudakia, na mtoto anavijua vizuri uzito wake.

Nimekwisha kuligusa swali lako kubwa, la "kwa nini". Mwaka 1967 wanaisimu William Labov na Joshua Waletzky walichapisha uchambuzi wa hadithi ambazo watu wa kawaida husimulia kuhusu maisha yao. Waligundua kwamba hadithi nzuri ina kitu zaidi ya mandhari, tatizo na utatuzi. Mahali fulani msimulizi anaonesha tukio lile lina uzito gani kwake, kwa nini tulisikilize. Wao waliita tathmini. Mara nyingi haisemwi moja kwa moja. Rudi kwenye andiko letu: hakuna mahali palipoandikwa kwamba mvulana aliogopa. Imeandikwa "stopped whistling". Hakuna palipoandikwa kwamba binti alikuwa na hofu. Imeandikwa ameishika fimbo kwa nguvu zaidi. Mwanafunzi anayetafuta neno "afraid" kwenye mistari ile hatalipata, atanyamaza. Amezoea maswali ambayo jibu lake linanakiliwa kutoka kwenye andiko, na hili halinakiliki.

Mfundishe basi kuuliza: mtu aliyekuwa anapiga mluzi akiacha ghafla, kuna nini? Mtoto yeyote aliyechunga Kongwa anajua jibu. Anamjua fisi, anajua mbuzi akipotea jioni baba atasema nini. Maarifa ya kuielewa hadithi anayo. Hajui tu kwamba darasani anaruhusiwa kuyatumia.

Kwa hiyo nashauri usitilie mkazo sana vivumishi. Tukisema masimulizi yana vivumishi vingi, watoto wanatuletea "a beautiful nice tall brown girl", na hadithi haijasogea hatua. Waombe badala yake watafute tendo moja dogo linaloonesha mhusika anajisikiaje. Wataanza kwa Kiswahili: moyo ukamdunda, akajikaza, akameza mate. Kisha mtafute pamoja namna Kiingereza kinavyosema.

Nafika kwenye marufuku. Naheshimu kwamba una mkuu wa shule na utaratibu wa kufuata, lakini nitasema ninavyoamini. Mtoto aliyesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na ambaye kwa wengi wa Kongwa Kiingereza ni lugha ya tatu, ukimkataza kuizungumzia hadithi kwa lugha anayoimudu, anachagua kunyamaza. Nawe unaandika kwamba hakuelewa. Hujui kama hakuelewa. Unajua kwamba hakusema. Ni mambo mawili yanayotaka tiba mbili tofauti.

Fanya jaribio hili hata kama ni kwa wanafunzi wachache nje ya kipindi. Wape andiko, waulize kwa Kiingereza kwa nini binti aliishika fimbo kwa nguvu, kisha uliza swali lilelile kwa Kiswahili. Akijibu vizuri kwa Kiswahili, kusoma kwake hakuna tatizo, anahitaji maneno ya kujieleza: "because", "maybe", "I think she". Mpe vianzio hivyo vya sentensi ubaoni. Akishindwa kwa Kiswahili pia, rudi kwenye mishale na vitenzi, maana amepotea ndani ya andiko. Ukimpelekea mkuu wa shule matokeo ya jaribio hilo utakuwa na hoja nzito kuliko maoni yangu. Omba dakika kumi za Kiswahili mwanzoni mwa kipindi, kwa kazi maalumu ya kusimulia na kulinganisha, na kipindi kilichobaki kiwe cha Kiingereza. Wapo wakuu wengi ambao hawatakataa ombi lenye mipaka.

Kuhusu maandiko, najua hali ya vitabu katika shule za kata. Usisubiri. Kwa wiki za mwanzo tunga mwenyewe aya za sentensi sita au saba juu ya mambo wanayoyajua: siku ya soko la mahindi Kibaigwa, maji yaliposhuka korongoni, safari ya kwanza ya treni mpya kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mazingira yakiwa yao, kitakachobaki kigeni ni lugha peke yake, na hapo ndipo utajua wanakwama wapi. Hadithi ya mtoto anayetembea kwenye theluji ina nafasi yake, ila baadaye, wakishajua kuifuata hadithi ya Kiingereza bila kushikwa mkono. Na kama una wanafunzi wanaoweza kukusanya ngano za Kigogo au Kikaguru kwa bibi zao, wazilete. Ngano ambayo darasa zima linajua mwisho wake ni andiko zuri sana la kufundishia "had" na mishale ya viwakilishi, kwa sababu akili yote inakwenda kwenye lugha.

Juu ya kusahihisha, usizungushie kila kosa. Wiki ya kwanza sahihisha vitenzi vya matukio tu, na mwanafunzi ajue kwamba ndivyo unavyovitazama. Wiki inayofuata he na she. Kisha "had". Yale mengine yaache kwa sasa hata yakikukera, ukurasa uliojaa wino mwekundu hausomwi na mtu. Kila unapozungushia kitenzi kilichokosa alama, mwandikie pembeni -ka- ya Kiswahili yake, usimwandikie jibu. Akiona "akasikia" pembeni ya "hear", ataiandika "heard" mwenyewe, na baada ya wiki kadhaa utaona wanaanza kujisahihisha kabla ya kukuletea daftari.

Kwa kazi ya kwanza waandikie mwanzo ule wa mbuzi, wauendeleze kwa sentensi sita. Masharti yawe mawili tu: kila tukio liwe na kitenzi chake cha wakati uliopita, na mahali pamoja msomaji atambue mhusika anavyojisikia bila neno la hisia kuandikwa. Zisomwe kwa sauti, darasa ndilo libashiri hisia hiyo ni ipi. Likikosea, mwandishi arudi kwenye sentensi yake ailekebishe, kisha asome tena.